Hofu ya mionzi imeficha hatari halisi ya simu

Kuanzia Doma hadi Mikumi mjini, barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Tunduma hupasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Hakuna uzio. Twiga huvuka anapotaka, nyati hujitokeza ghafla kwenye nyasi, na nyani hukaa pembezoni mwa lami wakisubiri maganda ya ndizi yanayotupwa kutoka kwenye mabasi. Vibao vinamtaka dereva asizidi kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Kwa mwendo huo wa mchana, ambao ni halali kabisa, gari hula zaidi ya mita 19 kila sekunde. Dereva akiinamia simu kwa sekunde tano, asome ujumbe na kujibu "nakuja", atakuwa ameacha nyuma mita 97 za barabara ambazo hakuziona: karibu urefu wa uwanja wa mpira.

Lakini simu na afya vikitajwa kwa pamoja, iwe Mikumi, Kimamba au Kilosa mjini, zote wilayani Kilosa, hofu haiendi kwenye lami hiyo. Inakwenda kwenye mionzi. Watu huuliza kama mnara uliosimikwa karibu na shule utawadhuru watoto. Wanawake wanaobana simu kwenye sidiria wakiwa sokoni huambiwa watapata saratani ya matiti. Vijana huonywa kwamba simu ya mfuko wa suruali itawanyima watoto.

Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu haikuzuka kijiweni. Mei 2011, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka mionzi ya mawimbi ya redio, ikiwemo ya simu za mkononi, katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kwa siku chache. Kilichopotea njiani ni maelezo ya kundi lenyewe. Makundi ya IARC hupima uzito wa ushahidi uliopo. Hayapimi ukubwa wa hatari. Katika kundi hilohilo la 2B limo dondoo la jani zima la mshubiri, ambao watu wengi huuchemsha na kuunywa kama dawa.

Mkazi wa Kilosa akiisoma orodha hiyo kwenda juu, atakutana na mambo yanayomhusu zaidi. Moshi wa kuni za kupikia ndani ya nyumba upo kundi la 2A, hatua moja juu ya simu. Kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani, lina tumbaku, pombe, virusi vya HPV na sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Sumukuvu haisubiri hata kuleta saratani ndipo iue: mwaka 2016 iliua watu 20 kati ya 68 walioripotiwa kuugua Dodoma na Manyara, na Dodoma ni mkoa unaopakana na Morogoro, mkoa ilimo Kilosa. Saratani ya mlango wa kizazi, inayotokana na HPV, ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na chanjo yake imekuwa ikitolewa nchini kwa wasichana tangu 2018. Mama anayeihamisha simu kutoka kifuani kwa hofu, huku akiwa hajawahi kupimwa mlango wa kizazi, ametendewa isivyo haki na wale waliompa onyo la kwanza wakamnyima la pili.

Tangu 2011 utafiti haukusimama. Denmark, ambako serikali hutunza kumbukumbu za kila mwananchi, ilifuatilia zaidi ya watu 350,000 waliokuwa na laini za simu tangu miaka ya mwanzo kabisa, na matokeo ya mwaka huohuo wa 2011 hayakuonyesha uvimbe wa ubongo kuongezeka kwao. Uingereza ilifuatilia wanawake wapatao 776,000 kwa wastani wa miaka 14. Ripoti iliyotoka 2022 haikuona tofauti ya uvimbe wa ubongo kati ya waliotumia simu kila siku na wasiotumia kabisa. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuongozwa na Ken Karipidis wa Australia, uliopitia tafiti 63 za kati ya 1994 na 2022. Jibu lilikuwa lilelile: hakuna uhusiano uliopatikana kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa watu waliozitumia miaka kumi na kuendelea.

Wapo watakaotaja panya wa Marekani, na wana haki ya kuwataja. Mwaka 2018 mradi wa taifa wa uchunguzi wa sumu nchini humo ulitangaza kwamba panya madume waliopigwa mionzi ya simu mwili mzima, saa tisa kwa siku, kwa miaka miwili, walipata uvimbe kwenye moyo. Kipimo walichopewa kilizidi kwa mbali anachopata binadamu mwenye simu sikioni. Zaidi ya hayo, panya hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa mionzi. Ni matokeo ya kuwapa wanasayansi kazi ya kufanya. Hayatoshi kumtisha mtu anayepiga simu kumuulizia mgonjwa.

Suala la mbegu za kiume halijafungwa, na ni vyema kulisema hivyo. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa 2023, uliohusisha vijana 2,886, ulikuta kwamba waliotumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku walikuwa na mbegu chache kuliko waliotumia mara moja kwa wiki. Hata hivyo, kuibeba simu kwenye mfuko wa suruali hakukuhusiana na upungufu huo. Kama tatizo lingekuwa mionzi inayotoka mfukoni, hapo ndipo lingetarajiwa kujitokeza. Inawezekana kabisa kwamba mtu anayeshika simu mchana kutwa ana maisha mengine yanayomdhuru: hatembei, halali, ana msongo.

Sayansi ya mionzi yenyewe si ngumu kuielewa. Mionzi ya eksirei ina nguvu ya kuvunja vinasaba ndani ya chembe hai, ndiyo maana mpiga picha wa hospitali hujificha nyuma ya ukuta. Mawimbi ya simu ni ndugu wa mawimbi ya redio yaliyobeba matangazo ya Redio Tanzania miaka yote ile. Hayana nguvu hiyo. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba yanaweza kupasha mwili joto kidogo, na viwango vya kimataifa vimewekwa ili joto hilo lisifikie kudhuru.

Hapa ndipo mnara unapohitaji mtetezi. Simu hurekebisha nguvu yake kulingana na umbali wa mnara: mtandao ukiwa dhaifu, hupaza sauti yake ili isikike. Watafiti wa Sweden walilipima jambo hili mwaka 2004 kwenye simu za kizazi cha pili. Vijijini, simu zilitumia nguvu ya juu kabisa kwa takriban nusu ya muda wa maongezi. Mjini ilikuwa robo tu. Tafsiri yake kwa wilaya kama Kilosa, yenye vijiji vilivyotawanyika kwenye miinuko ya Rubeho na Ukaguru ambako watu hupanda kilimani kutafuta mtandao, ni nyepesi. Anayepata mionzi mingi zaidi ni yule aliye mbali na mnara, akiwa ameibana simu sikioni na kupiga kelele "unanisikia?". Kijiji kinachokataa mnara kwa kuogopa mionzi kinaziongezea simu zake mionzi. Na kwa mwenye wasiwasi kuhusu mnara fulani, ipo Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo kazi zake ni pamoja na kupima mionzi ya minara. Tume hiyo ingefanya jambo kubwa kama kila ikipima mnara ulio karibu na shule au zahanati ingebandika matokeo kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, kwa Kiswahili cha kawaida, badala ya kuyaacha kwenye ripoti.

Je, simu haina madhara basi? Inayo, na makubwa. Ila hayatoki kwenye antena. Yanatoka kwenye macho yaliyonaswa na usiku ulioliwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dereva anayetumia simu yuko karibu mara nne kwenye hatari ya kupata ajali kuliko asiyetumia. Kuongea bila kushika simu hakusaidii sana, kwa kuwa kinachokosekana si mkono, ni akili. Ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na kwa watu wa kati ya miaka 5 na 29 ndizo zinazoongoza kwa kuua kuliko ugonjwa wowote. Hakuna uvimbe wa ubongo unaokaribia hesabu hiyo.

Mikumi ni mahali pa kuliona jambo hili bila darubini. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupita hapo usiku na mchana, na dereva aliyetoka bandarini ana tajiri anayempigia kujua alipo, wakala wa forodha anayetaka namba ya nyaraka, na mke anayeuliza kama amekula. Wote wana haki ya kujibiwa, na wote wanaweza kusubiri mpaka asimame. Askari wa usalama barabarani wamefanya kazi kubwa ya kudhibiti mwendo. Madereva wanaijua tochi na wanaiogopa. Lakini tochi hupima mwendo wa gari. Haipimi macho ya dereva yako wapi. Basi linalokwenda kilomita 70 huku dereva anasogeza video kwa dole gumba litapita mbele ya askari likiwa safi kwa kipimo cha tochi, na dakika moja baadaye litakutana na tembo.

Bodaboda wana hali yao. Kijana huchomeka simu kati ya kofia ngumu na sikio, aendelee kupanga abiria wa pili huku amembeba wa kwanza. Wengine huvaa visikilizio chini ya kofia, muziki juu, kiasi kwamba honi ya lori nyuma yao haifiki. Masikio nayo yanalipa: Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni moja duniani, wa miaka 12 hadi 35, wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa muda mrefu. Usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi.

Madhara ya pili hayana damu, ndiyo maana hayaandikwi kwenye taarifa za polisi. Ni usingizi.

Kampuni za simu Tanzania zimezoea kuuza bando la usiku: intaneti nyingi kwa bei ndogo, sharti itumike kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Kwa kijana anayejifunza ufundi Mikumi au anayeuza vitu vidogo stendi ya Kilosa, tofauti ya bei kati ya bando hilo na la mchana si jambo la kupuuza. Hesabu yake ni sahihi kifedha. Anaamka saa sita usiku, anapakua muziki, anaangalia mpira wa Ulaya, anachati, na akiwa na bahati mbaya anaweka mkeka wa kubeti kwa fedha ya chakula cha kesho. Saa kumi alfajiri analala. Saa kumi na mbili yuko kazini, na mara nyingi kazi yenyewe ni bodaboda.

Mwili wa binadamu hauna bando la kufidia. Watafiti wa Harvard walionyesha mwishoni mwa 2014 kwamba kusoma kwenye kioo chenye mwanga kabla ya kulala kuliichelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia, kwa saa moja na nusu. Utafiti wao ulikuwa wa watu 12 tu, waliofuatiliwa kwa karibu, na mwanga peke yake hauelezi kila kitu. Ubishi wa mpira na mkeka unaosubiri goli humkosesha mtu usingizi hata gizani. Matokeo ya kukosa usingizi hayana ubishi wa namna hiyo. Kumbukumbu hudhoofika, shinikizo la damu hupanda, mwili hushindwa kuitumia sukari vizuri. Na barabarani, utafiti wa Australia wa mwaka 1997 ulikuta kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huitikia mambo kwa uzito sawa na mwenye asilimia 0.05 ya kilevi kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humzuia mtu asiendeshe. Abiria anayepanda bodaboda ya saa kumi na mbili asubuhi kwenda kituo cha treni ya SGR Kilosa hawezi kuinusa harufu ya usiku wa dereva wake.

Vijana wa miaka 14 hadi 17 wanahitaji kulala saa nane hadi kumi. Mzazi anayezima taa saa tatu usiku na kuamini kazi imekwisha, huku simu iko chini ya shuka, hajui mwanawe amelala saa ngapi. Kwa wadogo zaidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekewe kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Ni rahisi kumlaumu mama muuza nyanya anayempa mtoto simu anyamaze wakati wateja wamejaa. Lawama hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama masoko yangekuwa na mahali pa watoto kuchezea.

Ushauri wa jumla wa "punguzeni simu", unaotolewa mara nyingi na watu wa mijini, haufai kila mahali. Kwa mwanamke mwenye uchungu kijijini, mbali na hospitali, simu ndiyo gari la wagonjwa. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuenea mikoani, humwezesha mjamzito au mhudumu wa zahanati kupiga 115 bure; wanaopokea simu hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana huita dereva wa jirani aliyesajiliwa na kulipwa kwa kazi hiyo. Kilosa pia inaujua Mto Mkondoa. Mafuriko yaliyoanza Desemba 2009 yaliwaondoa maelfu ya watu kwenye nyumba zao, na mvua kubwa zinapotabiriwa, simu ya kitochi ya bei ndogo kabisa yenye chaji ni kinga. Simu hizo hazihitaji kupunguzwa. Zinahitaji mnara ulio karibu.

Kwa hiyo kinachopaswa kudaiwa si vita dhidi ya minara wala semina za kuwatisha wanawake kuhusu sidiria. Askari waliopo kwenye barabara ya Mikumi wapewe agizo la kumwangalia dereva mwenye simu kwa ukali uleule wanaomwangalia mwenye mwendo kasi, na mabasi ambayo tayari yanafuatiliwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa vifaa vya kupima mwendo yafungwe pia kamera inayomtazama dereva. Teknolojia hiyo ipo na kampuni kadhaa za malori duniani zinaitumia. Vijiwe vya bodaboda, ambavyo vina viongozi, daftari na faini zao wenyewe, viweke sharti moja: simu ikiita, pikipiki inasimama. Sharti linalotoka kijiweni huheshimiwa kuliko linalotoka makao makuu.

Na bando la usiku lihamishwe. Kampuni zinauza usiku wa manane kwa bei ya chini kwa sababu mitambo wakati huo haina watu wengi, na hilo linaeleweka kibiashara. Lakini saa za alasiri, wakati watu wengi wako shambani au kazini, au saa za alfajiri kuanzia kumi na moja, zingeweza kubeba sehemu ya punguzo hilo bila kumlipa kijana ili akeshe. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina uwezo wa kuyazungumza haya na kampuni. Vifurushi si jambo lisilogusika: Aprili 2021, utaratibu mpya wa vifurushi ulipoanza na bei zikapanda, wananchi walilalamika kwa sauti kubwa, na serikali ikaagiza bei za awali zirudishwe mara moja. Wakati huo malalamiko yalikuwa ya fedha. Mwishoni mwa 2024 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilipita milioni 80, katika taifa ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Wazazi, walimu na waganga wa Kilosa waliomo kwenye hesabu hiyo wana sababu ya kutosha kupeleka malalamiko mengine, safari hii ya saa za usingizi.